Walimu wa hesabu naombeni msaada, form one wangu wakiona x tu wanakwama

MwlChaki

Habari za jioni wadau, na wakubwa wote shikamooni. Mimi ni mwalimu mpya, huu ndo mwaka wangu wa kwanza kushika chaki, niko shule ya kata huku Rukwa na nina mikondo miwili ya form one, mmoja wana 74 mwingine 71. Namba tulienda vizuri tu, sehemu tukasumbuana kidogo ila tukavuka, sasa wiki ya pili hii niko kwenye aljebra na kwa kweli nimekwama pamoja na wanafunzi wangu.

Yaani mtoto yule yule ambaye ukimuuliza namba gani ukiijumlisha na 5 unapata 12 anajibu saba kabla hujamaliza sentensi, ukimwandikia ubaoni x + 5 = 12 anakutazama tu, darasa zima kimya kama maji mtungini. Nikawafundisha kama nilivyofundishwa mimi, kwamba namba ikihama ng'ambo inabadilisha alama, wakafurahi kweli, zoezi la kwanza karibu wote wakapata. Kesho yake nikaweka 2x = 10, nakusanya madaftari, nusu darasa wameandika x = 8. Nikamwita mmoja nikamuuliza umefanyaje, akaniambia bila wasiwasi mwalimu mbili imehama ng'ambo imekuwa hasi mbili, kumi toa mbili nane. Sikuwa na la kumjibu maana ndicho nilichomfundisha mimi mwenyewe.

Mengine niliyoyakuta kwenye madaftari: nimewapa x = 4 tafuta 3x, wengi wameandika 34. Nimewapa 2a + 3b rahisisha, jibu 5ab, karibu darasa zima. Na kuna binti mmoja ana akili sana amekuja ofisini ananiuliza mwalimu hiyo x ni ya kuzidisha au ni ile herufi, nikaona kumbe hata mwandiko wangu ubaoni unawachanganya.

Wenzangu ofisini wanasema wakaririshe hatua tu watazoea mbele ya safari. Sitaki iwe hivyo maana naona aljebra ndo mlango wa kila kitu kinachofuata, hisabati ya form two, fizikia, kemia, kote huko. Mliofundisha muda mrefu mnaanzaje anzaje hii mada? Vitabu ninavyo vichache, wanafunzi wanne kitabu kimoja, kwa hiyo nipeni njia ambayo inawezekana kwa chaki na ubao.

---

MkongweWaUbao

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kusahihisha madaftari 145 kwa jicho la kutafuta mtoto kawaza nini, wengi tunaishia kuweka tiki na kosa tu.

Nimefundisha hesabu miaka 27 na kosa la x = 8 nimekutana nalo kila mwaka. Kabla hujagusa x tena fanya jaribio hili kesho asubuhi, litakuchukua dakika tano. Andika ubaoni

8 + 4 = □ + 5

waambie wajaze kisanduku kwenye kipande cha karatasi bila kutazamana. Utashangaa wangapi wataandika 12. Kuna na watakaoandika 17. Wa 7 watakuwa wachache. Hapo ndo utaona ugonjwa uko wapi, haupo kwenye x kabisa, upo kwenye ile alama ya =. Kwa miaka saba ya shule ya msingi mtoto ameiona ile alama ikiwa upande wa kulia na nyuma yake kuna nafasi ya kuandika jibu, basi kwake = maana yake "ni ngapi?" au "haya toa jibu". Sasa wewe unamwandikia x + 5 = 12, jibu tayari lipo, yeye afanye nini tena? Ndo maana anakutazama.

Na bahati nzuri lugha yetu imetupa neno zuri sana, sisi wote tulifundishwa kusoma = kama "sawasawa na". Sawasawa! Kama mizani ya dukani, mawe huku sukari huku. Ila mtoto amelisema neno hilo mara elfu bila kulisikia. Kwa hiyo siku nzima nzima usiguse herufi, wape tu 9 + 6 = □ + 10, wape 20 = 14 + □, wape na za kusema kweli au si kweli, kwa mfano 7 + 3 = 3 + 7, 15 = 15, 6 + 2 = 8 + 1. Kuna watakaokataa kabisa kwamba 15 = 15 ni sahihi, watakwambia mwalimu hapo hakuna hesabu. Waache wabishane, yule anayebisha sana ndo anajifunza.

Halafu tafuta viberiti. Omba viberiti vitupu kwa wapishi wa shule na kwa watoto wenyewe, utapata hata hamsini kwa siku mbili. Chora mstari wa chaki katikati ya dawati. Upande mmoja weka viberiti viwili vilivyofungwa na njiti 3 nje, upande mwingine njiti 11. Umeshajaza njiti 4 kila kiberiti wao hawajaona. Sheria mbili tu: viberiti vyote vina njiti sawa, na pande zote mbili jumla ni sawasawa. Swali ni ndani ya kiberiti kuna njiti ngapi na hairuhusiwi kufungua mpaka mkubaliane. Watatikisa, watasikiliza, waache. Baadae mmoja atasema tutoe hizi tatu, muulize na upande wa pili je, atasema tutoe tatu pia. Zimebaki 8 na viberiti viwili. Hakuna mtoto hapo atakayesema nane toa mbili! Atagawa, maana anaona viberiti viwili vinagawana njiti nane. Ndo wafungue wahesabu.

Baada ya hapo ndo uwaambie kuchora kiberiti kila mara kunachosha, tukiite x. Wakati huo x ni kitu alichokishika mkononi.

Na hiyo x iandike kama c mbili zilizopeana mgongo, )( hivi, isifanane na alama ya kuzidisha. Au anza kabisa na n.

---

TuisheniMtaani

Mkuu MwlChaki nakuelewa ila na mimi niseme ukweli wangu. Nafundisha tuisheni vijana wa form one mpaka form four, viberiti ni vizuri ukiwa na wanafunzi 20, kwa 74 kipindi cha dakika 40 kitaisha bado mnatafuta njiti chini ya madawati. Na upimaji wa form two unakuja, mtihani haumuulizi mtoto kiberiti, unamuuliza tafuta x. Mimi nawapa kanuni, kujumlisha kukihama kunakuwa kutoa, kuzidisha kukihama kunakuwa kugawanya, wanaandika mistari minne kwenye daftari, tunafanya maswali 50, wakiondoka hapo wanapata. Kuelewa kunakuja na mazoezi, hata gari hukuelewa injini ndo ukajifunza kuendesha.

Sisemi mkongwe kakosea, nasema muda haupo.

---

MkongweWaUbao

TuisheniMtaani kaka yangu, na mimi nilifundisha ng'ambo miaka mingi na sijaifuta mpaka leo, ila naileta mwisho. Mtoto aliyetoa 3 pande zote mbili mara ishirini siku moja atakwambia mwenyewe mwalimu mbona hii 3 kama imehamia kule ikawa ya kutoa, tusiandike kote kote. Hapo mwambie haya ruksa. Sasa amefupisha kitu anachokijua. Ukimpa ufupi kwanza hana cha kurudia akisahau, na atasahau, likizo ya Juni tu inatosha.

Muda ni kweli ni tatizo, sibishi. Kwa 74 usigawie kila mtoto, panga dawati kwa dawati, wanne wanne, kipindi dabo kimoja tu cha viberiti na kisha unachora ubaoni visanduku na vijiti, wao wanachora kwenye daftari. Kipindi kimoja mzee, halafu hayo maswali yako 50 yanafuata na mimi nakuunga mkono hapo, bila mazoezi hakuna kitu.

---

MamaWatatu

Samahanini walimu mimi sio mwalimu, mimi nauza vitenge na nina kijana yuko form one, nimesoma huu uzi nikaona niandike kilichotokea kwangu juzi.

Kijana karudi na daftari lina kosa jekundu ukurasa mzima, anasema mama mimi hesabu sina kichwa nacho. Nikamtazama, swali la kwanza lilikuwa 3x + 8 = 50, yeye kaandika 11x = 50 akaishia hapo. Mimi hiyo x siijui nilimaliza la saba zamani. Lakini jioni ile ile tunafunga hesabu za duka nikamuuliza, baba, nimenunua vitenge vitatu bei moja, nimetoa elfu 50 nikarudishiwa elfu 8, kitenge kimoja kimesimama shilingi ngapi. Hakuandika popote, kanijibu elfu 14 huku anakunja vitambaa. Nikamuuliza umejuaje, akasema si nimetoa ile chenji kwanza imebaki 42 nikagawa kwa tatu.

Kesho yake nikamwonyesha dada mmoja jirani anayesoma chuo cha ualimu akaniambia mama hilo swali la kwenye daftari na la vitenge ni swali moja. Moja kabisa! Vitatu vya x na chenji 8 jumla 50. Mwanangu alipoonyeshwa hivyo alinyamaza muda mrefu halafu akasema kumbe hiyo nane haiwezi kuungana na vitenge.

Sasa nauliza nyie walimu, kwa nini hamuanzi na vitenge?

---

MwlChaki

Mama nimesoma hii nikasimama nikazunguka chumbani. "Nane haiwezi kuungana na vitenge", hiyo sentensi nitaichukua kama ilivyo. Asante sana na kijana msalimie.

---

DarasaLaSaba

Niseme kwa niaba ya sisi wa msingi maana naona lawama zinanukia 😊 Watoto wanakutana na hii kitu tangu madarasa ya chini, □ + 5 = 12 jaza kisanduku, hicho kisanduku ndo x yenyewe imevaa nguo nyingine. Kwa hiyo MwlChaki usiwaambie leo tunaanza mada mpya ngumu inaitwa aljebra, waambie kisanduku mlichokijua kimepewa jina. Mimi huwa naandika kisanduku, halafu ndani ya kisanduku naandika n, siku ya tatu nafuta kuta za kisanduku inabaki n peke yake. Hakuna aliyewahi kushtuka.

Ila kuna kosa letu moja ambalo mtalikuta huko juu na naomba mlitazame. MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, kila mtoto anaiimba. Shida wanaichukua kama foleni, kwamba kujumlisha LAZIMA kutangulie kutoa. Mpe 10 - 3 + 2 atakwambia 5, kajumlisha 3 na 2 kwanza kisha katoa. Jibu ni 9, maana kujumlisha na kutoa ni ndugu wa daraja moja, unakwenda kwa mpangilio zilivyoandikwa kutoka kushoto, na kugawanya na kuzidisha vile vile. Kwenye namba kosa hili halionekani sana, likifika kwenye aljebra linaua. 10 - 3x + 2x mtoto anakuandikia 10 - 5x na wewe unadhani hajui aljebra kumbe anaimba wimbo wetu kwa uaminifu. Ukiona majibu ya ajabu ajabu kwenye kurahisisha, rudi kwenye namba tupu uone kama kosa lilikuwepo tangu mwanzo.

Na ile 34 wala usimlaumu, amefundishwa miaka yote namba zikikaa pamoja zina thamani ya nafasi, 34 ni thelathini na nne. Tena 3½ ni tatu JUMLISHA nusu, halafu ghafla 3x ni tatu ZIDISHA x na hakuna aliyemwambia kwamba utaratibu umebadilika. Mwambie wazi kwa mdomo, hapa tumekubaliana kuacha alama ya kuzidisha. Wiki ya kwanza andika 3 × n kila mahali, ukishaona wamezoea ndo uifiche.

---

PwaniKwetu

Assalam aleikum walimu. Mimi nafundisha Unguja na kuna kitu huwa nawahadithia watoto siku ya kwanza ya mada hii na kinasaidia kuliko nilivyotarajia.

Hili neno aljebra limetoka kwenye Kiarabu, al-jabr, ni neno la kwenye jina la kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliyekuwa Baghdad, karne ya 9. Jabr maana yake kuunga, kurudishia kilichovunjika au kilichopungua, hata kuunga mfupa ni jabr. Kwenye hesabu yeye alimaanisha pale upande mmoja wa mlinganyo kuna kitu kimepunguzwa, basi unakirudishia na upande wa pili unaongeza hicho hicho. Kwa hiyo x - 5 = 9, x imevunjika tano, tunaiunga tano yake, na kule tunaongeza tano. Watoto wangu wanasema "mwalimu tuiunge?" na mimi najibu iungeni. Hakuna cha ng'ambo hapo, kuna mganga wa mifupa.

La pili, yeye hakutumia x wala alama ya =. Aliandika yote kwa maneno! Alama ya = imekuja baadae sana, 1557, kwa Robert Recorde mtu wa Wales, akachagua mistari miwili inayolingana urefu kwa sababu aliona hakuna vitu viwili vinavyolingana zaidi ya hiyo. Na ile namba isiyojulikana al-Khwarizmi aliiita shay', yaani kitu. Kitu tu. Basi na mimi siku mbili za mwanzo tunaandika hesabu kwa Kiswahili kirefu: vitu viwili na tatu ni sawasawa na kumi na moja. Wanaandika sentensi nzima, mikono inachoka, siku ya tatu nawaambia haya fupisheni mtakavyo, kila kundi linakuja na alama yake, wengine nyota, wengine duara, wengine k ya kitu. Ndo nawaambia dunia imezoea x. Mtoto aliyebuni alama yake mwenyewe hataiogopa ya mwenzake.

---

TichaGredi7

Salamu kutoka Kenya, walimu wenzangu. Mimi hufunza Gredi ya 7, hii junior sekondari yetu iliyoanza 2023, na aljebra ni mwaka huu huu, kwa hivyo tuko kwa mashua moja. Nimeona hapa hakuna aliyetaja lugha na nilidhani nyinyi Tanzania ndio mngeitaja kwanza kwa sababu mtoto wenu anatoka msingi akisoma hisabati kwa Kiswahili anaingia form one kila kitu Kiingereza.

Lakini wacha niwaambie, wetu wanafunzwa kwa Kiingereza tangu Gredi ya 4 na bado wanaanguka pale pale. Waambie "5 less than n", yaani namba iliyo pungufu ya n kwa 5, wataandika 5 - n, kwa sababu wanaandika kwa mpangilio wa masikio, walichosikia kwanza kinaandikwa kwanza. Na hii ingine: waambie shule ina wanafunzi 40 kwa kila mwalimu mmoja, w ni idadi ya wanafunzi na m ni idadi ya walimu, andika mlinganyo. Utapata 40w = m, darasa zima, na hata watu wazima waliosoma huandika hivyo. Wanaisoma w kama "wanafunzi", yaani wanafunzi 40 kwa mwalimu 1. Mimi dawa yangu ni moja tu, weka namba uone. Walimu wakiwa 10 wanafunzi ni wangapi? 400. Haya ingiza kwa mlinganyo wako, 40 × 400 ni 16,000, ni sawa na 10? Wanacheka, wanajirekebisha wenyewe, w = 40m.

Ndio pia sababu ya 5ab yako. Ukisema a ni maembe na b ni machungwa, basi maembe mawili na machungwa matatu ni... matunda matano! Mtoto amejibu vizuri kabisa, ni mfano uliomdanganya. Herufi isiwe kitu, iwe namba: a ni bei ya embe moja, b ni bei ya chungwa moja. Halafu muulize embe likiwa shilingi 20 na chungwa 10, 2a + 3b ni ngapi? 70. Na 5ab je? 5 × 20 × 10, elfu moja. Hakuna mahubiri yanashinda hiyo. Kwa hivyo naomba nimwongezee mzee Mkongwe, kiberiti ni kizuri lakini mkumbushe kila mara x ni IDADI ya njiti zilizo ndani, sio kiberiti chenyewe.

---

MkongweWaUbao

Ticha umenirekebisha na nimekubali, nilisema "kiberiti tukiite x", haikutakiwa kusemwa hivyo. Idadi ya njiti zilizomo.

---

MwlChaki

Wadau nimerudi, leo Ijumaa, niwape mrejesho maana mmenisaidia sana.

Jumatatu nilifanya lile jaribio la 8 + 4 = □ + 5. Zaidi ya nusu ya mkondo A wameandika 12. Niliposema siyo, kuna kijana alisimama akasema mwalimu nane na nne ni kumi na mbili hata ukienda wapi. Nikamwambia soma yote kwa sauti, akasoma nane jumlisha nne sawasawa na kumi na mbili jumlisha tano, akafika kwenye tano akanyamaza, akaangalia ubao, akakaa chini mwenyewe. Sikuongeza neno.

Jumatano ndo viberiti, kipindi dabo. TuisheniMtaani ulisema kweli kuhusu njiti chini ya madawati, tumezipoteza nyingi na makelele mtaaluma alikuja kuchungulia mlangoni. Ila alikaa nyuma mpaka mwisho. Nilianza na 2 na 3 kwa 11 kama mkongwe alivyosema, wakapata haraka mno, wengine wamekisia tu. Sasa nikaweka viberiti pande zote mbili, vitatu na njiti 2 huku, kimoja na njiti 10 kule. Kukisia kukawa kugumu. Kundi la yule binti aliyeniuliza kuhusu x ndo wa kwanza, wakanyanyua kiberiti kimoja kila upande kwa wakati mmoja, yaani watoto wawili kwa pamoja kama wanahesabiana, moja mbili tatu nyanyua. Vikabaki viwili na njiti 2 kwa njiti 10. Nne! Walipofungua na kuhesabu darasa lilipiga kelele mpaka mkondo B wakasikia.

Alhamisi nikaweka 2x = 10 ubaoni, ile ile. Waliokosea hawakuzidi kumi. 3x + 8 nimewauliza kwa vitenge vya mama, hakuna aliyeandika 11x.

Nilipokwama ni mawili. Kwanza x + 7 = 3, kiberiti chenye njiti hasi nne hakipo. Pili mabano yenye kutoa mbele, 10 - (x - 3), wote wananiandikia 10 - x - 3.

---

PwaniKwetu

La kwanza, hapo viberiti vimefika mwisho wake, usivilazimishe. Hamia kwenye daftari la mkopo la duka. Mtu ukimwongezea elfu 7 anabaki na elfu 3 mkononi baada ya kulipa deni, alikuwa na nini mwanzo? Alikuwa na deni la elfu 4. Watoto wa kwetu deni wanalijua.

---

MamaWatatu

La pili naomba nijaribu mimi, kijana wangu amenifundisha hayo mabano jana. Umetoka na shilingi 2000. Nauli ni x ila konda anakupunguzia 300. Unalipa (x - 300). Umebaki na 2000 - (x - 300). Nauli ikiwa 700 unalipa 400 unabaki 1600. Wanaoandika 2000 - x - 300 wanabaki na 1000 tu, yaani konda kawapunguzia halafu wao wakamlipa na lile punguzo! Punguzo linarudi mfukoni kwako, ndo maana inakuwa kuongeza. Sijui kama nimepatia.

---

TichaGredi7

Mama umepatia kabisa. Hiyo ya konda naipeleka darasani Jumatatu.

---

TuisheniMtaani

Sawa nimesoma mrejesho. Bado nasema kwa form four wangu muda sina, ila kwa form one wa Januari nitajaribu viberiti wiki ya kwanza. MwlChaki wape hii uone kama wamekomaa, 7x - 19 = 4x + 23. Hapo hakuna kukisia.

---

MwlChaki

Nimeifanya hapa, 14. Pande zote 79. Nitawapa Jumatatu.

La mwisho wakuu kabla sijalala. Leo kipindi kimeisha, nafuta ubao, katoto kamoja ka mbele kabisa ambako huwa hakaongei kamenifuata kakaniuliza, mwalimu jana ulisema x ni 4, leo asubuhi ulisema x ni 5, sasa x ni ngapi hasa? Nikakajibu inategemea swali, kakaitikia ndiyo ila niliona hakajaridhika.

---

MkongweWaUbao

Huyo mlinde huyo. Jumatatu mwite mbele, mpe kiberiti kile kile kimoja, mwambie ageuke, jaza njiti 4, funga, mpe atikise. Halafu mbele ya macho yake kimwage, jaza 9, funga. Muulize kiberiti kimebadilika? Atasema hapana. Muulize njiti je? Mwache ajibu yeye, kisha mpe chaki aandike ubaoni swali lake mwenyewe lenye kiberiti hicho, wenzake wakitafute kilichomo.